Namuria wa Waya na Namuria wa Mawe

Kwa miaka miwili mama yangu, Namuria, alikuwa watu wawili, na kwetu hakuna mtu aliyeona kwamba huo ni uongo. Mmoja alikuwa yeye mwenyewe, mrefu, mkavu, mwenye kidole gumba kisichokunjika. Wa pili alikuwa Akidor, mke mwenzake, ambaye mimi namwita mama mdogo. Mkandarasi aliyekuwa akijenga kingo za mto Tarach hapa Kakuma aliwaandika kwa jina moja, akawapa kofia moja na jozi moja ya glavu. Glavu ya kushoto ilitoboka kwenye kidole cha shahada. Akidor ndiye aliyeitoboa. Mama ndiye aliyeishona.

Mama alizaliwa Lowarengak, ziwani, kwa watu wenye mbuzi na nyavu. Kidole chake kilivunjika akiwa msichana, kamba ya wavu ilipokizunguka na samaki mkubwa akavuta upande wake. Kilipona vibaya. Baba yangu, Lochakapong, alipokuja kumposa, wazee wake walikitaja kile kidole wakati wa kupatana mahari, na watu wa mama wakapoteza ngamia mmoja hapo hapo.

"Kidole changu kimekula ngamia," mama husema, na hacheki.

Akidor aliolewa baadaye, mbuzi wakiwa bado wapo. Kwetu mwanamke hujenga nyumba yake kwa mikono yake, lakini hajengi tu kwa sababu mikono anayo. Anangoja mume amtengee wanyama. Mwenye wanyama ana nyumba. Asiye nao anakaa chini ya nyumba ya mke mkubwa, anakunywa kinachokamuliwa hapo. Baba alimwambia Akidor angoje mvua. Ukame ukala mbuzi wengi. Halafu mvua ilikuja kweli, na Tarach ikabeba wengi wa waliokuwa wamebaki, wale ambao hawakuwa na nguvu hata ya kupanda ukingo. Baba akawachukua wachache waliopona akaelekea nao Lokichoggio kutafuta majani, akatuachia mbuzi mmoja wa kukamua. Akidor akabaki kwetu, analala karibu na mlango. Mtoto wake Ekuru alipozaliwa, wakawa wanalala wawili karibu na mlango.

Sikumsikia akilalamika. Ila nilikuwa naona anavyopita nyumba za wanawake wengine. Aliziangalia kwenye viungo, pale tawi linapofungwa na tawi.

Mafuriko yale ndiyo yaliyoleta kazi. Mto ulikuwa umekula ukingo mpaka karibu na nyumba za watu, serikali ikatoa kandarasi ya kuzuia maji kwa vikapu vikubwa vya waya vilivyojazwa mawe. Kanuni ya kandarasi ile ilisema theluthi ya wafanyakazi wawe wanawake, na maofisa walikuwa wanatoka Lodwar kuja kuwahesabu. Nyapara, mtu wa hapa anayeitwa Ewoi, akapita kwenye maboma akiomba wanawake kama mtu anayeomba moto.

"Ejok, mama Nakiru," alimsalimu mama. Nakiru ni mimi. "Nipe mwanamke mmoja."

"Wa nini?"

"Wa kuhesabiwa."

"Na akishahesabiwa?"

"Afanye kazi, basi. Lakini kwanza ahesabiwe."

Mama akajitoa mwenyewe.

Kazi ilikuwa na sehemu mbili. Kwanza mnasuka waya, mnaufunga kwa koleo kikapu kisimame kama sanduku. Halafu lori linaleta mawe, mnayapanga ndani jiwe kwa jiwe, maana ukimwaga tu, mto unayatikisa na kikapu kinalala. Kwenye mawe mama hakuwa na mwenzake. Kwenye waya, kile kidole kilimkataa. Siku za kwanza alirudi na kiganja kimechanika. Akidor akakiangalia kile kiganja, akakifunga na kipande cha leso, akasema, "Kesho nitaenda mimi."

Asubuhi akavaa kofia akaenda. Mama hakuona kosa hapo. Mbuzi wa maziwa akipewa nyumba, maziwa ya asubuhi anakunywa mmoja na ya jioni mwingine, na hakuna anayemuuliza mbuzi ni wa nani kati yenu. Kazi ilipewa nyumba yake. Basi ikawa hivyo: waya ukija, anaenda Akidor, mawe yakija, anaenda mama. Ewoi aliona tangu siku ya kwanza.

"Niliomba mwanamke, nimepata mwanamke," alisema. "Mimi nihesabu mikono ya nini?"

Wanaume pale waliwaita wote Theluthi. Theluthi sogea, Theluthi leta maji. Aliyependa sana jina hilo ni Aukot, dereva wa lori la mawe.

"Theluthi, toka nyuma, narudisha gari."

"Rudisha na theluthi ya akili yako uliyoacha huko ulikotoka," mama alimjibu siku moja. "Hii umeleta ni kokoto. Nilisema mawe."

Wenzake walicheka mpaka Aukot mwenyewe akacheka. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kivuli cha lori na Ekuru mgongoni, kwa sababu siku za waya nilimpeleka mtoto mchana anyonye. Shule nilikuwa nimeiacha darasa la nne, nikawa mtu wa mtoto. Niliona mengi hapo, na hakuna aliyeniuliza nimeona nini.

Miaka miwili ilipita hivyo. Vikapu vikafika karibu na lile bonde dogo ambapo laga nyingine, mto wa msimu wa mvua, inaingia Tarach. Halafu akaja Madam Akeno.

Madam Akeno ndiye ofisa aliyekuwa akitoka Lodwar kuhesabu wanawake. Tulimjua. Alikuwa Mturkana kama sisi, mwenye miwani, na kila mara alipomaliza kuhesabu alikunywa chai na akina mama. Safari hii hakuhesabu. Alisimama mbele ya stoo ya saruji, akangoja lori lizimwe.

"Kanuni ya kandarasi hii imebadilika," alisema. "Waliotoa pesa wameibadilisha. Ile theluthi imeondolewa. Kuanzia sasa hakuna nafasi ya mwanamke na hakuna nafasi ya mwanaume. Hakuna kubagua na hakuna kupendelea. Kila mtu atapimwa kwa kazi, peke yake, wiki ijayo. Atakayeweza ataweka kidole kwenye mashine, na kila asubuhi ataweka kidole kuingia. Nafasi pia zimepunguzwa."

Nilisikia mbuzi wa mtu akikohoa upande wa pili wa mto. Wanawake walikuwa wamesimama na koleo mikononi, midomo wazi kidogo, kama watu walioitwa majina ambayo si yao. Sylviane, mkimbizi kutoka Kongo aliyekuwa anasuka waya na Akidor, akakaa chini kwenye mchanga wa moto bila kutandika kitu.

"Mimi nilijuaka tu hii siku itakuya," alisema.

"Theluthi imekufa," Aukot akasema. "Nani atalia?"

Safari hii hawakucheka. Hata yeye akaangalia magurudumu yake.

Nyumbani mama aliiacha chai yake ikapoa. Niliona bado hajaelewa jambo kubwa ni lipi. Kwamba theluthi imeondolewa, hilo alikuwa amelielewa. Kilichomshika ni lile neno, peke yake.

"Peke yake vipi?" aliuliza mwishoni. "Kikapu cha mtu mmoja kinasimamaje?"

"Asuke, apange," Akidor akasema. "Yote mawili."

"Basi utanifundisha waya. Jina ni langu, nitaenda mimi. Nafasi isitoke kwenye nyumba."

"Sawa, dada mkubwa," Akidor alisema, na nadhani siku hiyo alimaanisha.

Wakaanza nyuma ya boma, na vipande vya waya tulivyookota. Akidor alimshika mama mkono, akamwonyesha jinsi ya kuzungusha koleo kwa kifundo badala ya kidole. Mama alizungusha. Kila kitanzi alichofunga kilibaki wazi kama mdomo. Akifungua, anaanza tena. Jasho lilimtoka mpaka shanga za shingoni zikang'aa. Alipochoka, ili Akidor asikae bure, alimwambia apange mawe.

"Jiwe lina uso na lina mgongo," alimfundisha. "Uso utazame mto. Mgongo upewe jirani yake. Ukiliweka wima ovyo, hilo ni jiwe la mgeni, litaondoka."

Akidor alipanga. Mama akabomoa kwa mguu, akasema rudia. Akapanga tena. Siku zile niliona kitu ambacho wao hawakukiona, au hawakutaka kukiona: waya ulibaki kwa Akidor, na mawe nayo yalikuwa yanahamia kwake.

Siku ya kupimwa tulienda wote. Mimi nilimsindikiza mama na Ekuru mgongoni, na Akidor alikuja kwa sababu mtoto alikuwa na homa na hakutaka kunyonya bila kulia. Watu waliitwa mmoja mmoja. Sylviane alisuka vizuri, lakini mawe yakamshinda, akatoka nje ya uzio bila kuaga. Mwanamume mmoja wa kule juu ya mto alipanga mawe vizuri na waya ukamshinda, akatoka pia. Niliona Madam Akeno hakumpendelea mtu. Aliinama kila kikapu, akakisukuma kwa goti, akaandika.

"Namuria Lochakapong."

Mama akaingia na kofia na zile glavu. Akashika koleo. Vitanzi vya kwanza vilikubali, nikaanza kupumua. Halafu akafika kwenye pembe, mahali panapotaka kidole kikunjike. Koleo likaanguka. Akaliokota. Likaanguka tena. Alivua glavu, akajaribu kwa mkono mtupu, na waya ukampiga kiganja pale pale pa zamani.

Akidor alikuwa ananyonyesha kando yangu. Alimtoa Ekuru kwenye ziwa, akanipa akiwa analia, akapita chini ya kamba iliyofungwa kuzuia watu. Akachukua koleo kutoka mkononi mwa mama bila neno, akafunga pembe ile, na iliyofuata.

Madam Akeno alivua miwani.

"Wewe ni nani?"

Ewoi akaja mbio. "Madam, hapa kwetu watu husaidiana, unajua mambo ya ..."

"Nimemuuliza yeye."

Akidor hakuinua macho kutoka kwa waya. "Mimi ni Namuria wa waya."

"Na huyu?"

"Huyo ni Namuria wa mawe."

Aukot akacheka peke yake, akaacha. Mama ndiye aliyekuwa mtulivu kuliko wote. Alimweleza Madam kwa lugha yetu, polepole, kama mtu anavyomweleza mgeni njia: kwamba nyapara alikuja kuomba mwanamke, kwamba nyumba yake ikatoa mwanamke kila siku bila kukosa, kwamba vikapu vyote vile mpaka bondeni havijalala hata kimoja.

"Mama, nimelelewa kwenye nyumba ya mama mkubwa," Madam Akeno alisema. "Nyumba naijua. Nilipotumwa kuhesabu wanawake, nyumba yako haikunipunja. Sasa nimetumwa kuandika mtu. Nyumba haina kidole."

"Kwa hiyo miaka hii yote nilidanganya?"

"Sijasema hivyo."

"Basi sema ni nini."

Madam alifuta miwani kwa ncha ya leso, akaivaa. "Kikapu hiki kimeanzwa na mikono ya watu wawili. Amalizie mmoja. Nafasi ni moja."

Mama alimgeukia Akidor. Hakufikiri hata kidogo, niliona. "Maliza," alisema.

Akidor akamaliza waya. Akaanza mawe. Uso kwa mto, mgongo kwa jirani. Mama alisimama mikono nyuma, akifuata kila jiwe kwa macho, na mara moja mguu wake ulinyanyuka kidogo kana kwamba anataka kubomoa, ukarudi chini. Hapakuwa na cha kubomoa. Madam Akeno akasukuma kikapu kwa goti, akasukuma tena kwa mkono. Kilisimama. Akachukua mashine, kitu kidogo cheusi kama redio.

"Jina?"

Mama alikuwa tayari amefungua mdomo kujibu, kama alivyojibu kila asubuhi. Akidor akamtangulia.

"Akidor," alisema.

Lilikuwa jina lake. Hakuiba kitu cha mtu. Lakini nilimwona mama akimwangalia mdomo, sio macho, mdomo, kama mtu aliyesikia mbuzi wake akiongea. Ewoi aliangalia chini. Kidole cha Akidor kikawekwa, mashine ikalia kidogo, ikanyamaza.

Akidor aliitwa stoo kupewa kofia mpya na glavu. Sisi tukatoka. Pale getini Ewoi alimfuata mama, akasema bila kusimama karibu naye:

"Mama Nakiru, usije tena hapa. Nimeonywa. Kidole kimoja, mwili mmoja. Nikikuona getini nitajifanya sikujui."

"Unijue au usinijue, mimi ni yule yule," mama alisema. Lakini sauti ilikuwa ya mtu anayeuliza.

Jioni ile tuliazima simu ya jirani, mama akampigia baba Lokichoggio. Nilielewa anachotaka. Alitaka baba amwambie Akidor arudishe jina kwenye nyumba. Alieleza yote, mpaka jiwe la mwisho. Simu ilikuwa na sauti kubwa, nilimsikia baba akiwaita mbuzi kwanza, halafu akauliza:

"Kwa hiyo ana kitu chake sasa?"

"Ana."

"Kwa jina lake?"

"Kwa jina lake."

Upepo wa huko ulisikika. "Nilichoshindwa kumtengea mimi, Mungu wetu Akuj amemtengea," baba alisema. "Basi ajenge."

Mama aliendelea kushika simu sikioni muda mrefu baada ya baba kukata. Jirani akaogopa kumwomba airudishe.

Akidor alijenga siku iliyofuata, kazi ilipomtoa mchana. Alileta matawi ya mti wa mathenge kichwani, yamekatwa urefu mmoja, akachimba mashimo kwa mduara upande wa pili wa boma, akayakunja yakakutana juu. Alifunga viungo kwa haraka na kwa mkazo. Ni viungo alivyokuwa amevifunga kichwani mwake miaka yote. Mama alikaa kwenye ngozi yake mlangoni kwetu akiangalia, hakumsaidia na hakumzuia. Wanawake waliopita walisalimia, "Ejok," wakaona matawi, wakaona uso wa mama, wakaharakisha miguu. Ndani ya nyumba yetu, pale karibu na mlango, palikuwa na mahali pasafi pa saizi ya mtu na mtoto.

Jua lilipoanguka mama akakamua. Maziwa ya mbuzi yule hayajazi kibuyu. Akaninyooshea.

"Mpelekee."

"Nimwambie nini?"

"Ni ya jioni. Anajua."

Nilimkuta Akidor ameketi ndani ya matawi, bado hajaezeka majani ya mkoma, mbingu yote iko wazi juu yake. Glavu mpya zilikuwa zimening'inizwa kwenye tawi. Alikunywa kidogo, akamnywesha Ekuru, ambaye homa ilikuwa imeshuka. Alikuwa na furaha, na alikuwa anaificha kwa sababu yangu.

"Mkubwa amekasirika?" aliuliza.

"Sijui."

"Atapoa. Nilitaka tu nyumba, Nakiru. Ningesema Namuria, ningezeeka kwenye ule mlango." Akafuta mdomo wa mtoto. "Mwambie mawe yanakuja kesho kutwa. Aukot amesema ni mawe, sio kokoto. Aje mapema, kabla jua halijawa kali."

Nilimwangalia nione kama anatania. Hakuwa anatania.

"Aje wapi?"

"Kazini. Siku za mawe si zake? Mimi nimetaja jina tu. Mawe sikuyachukua."

"Kuna mashine getini, mama mdogo."

"Nitaweka kidole, nitatoka, yeye ataingia."

Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba alikuwa stoo Ewoi alipomwonya mama. Nikamwambia maneno ya Ewoi kama yalivyokuwa, kidole kimoja, mwili mmoja, na kwamba ameonywa, na kwamba akimwona mama atajifanya hamjui.

Akidor aliacha kumfuta mtoto. Aliinua mkono wake wa kulia, akakiangalia kidole gumba, upande huu na upande huu, kwa mwanga uliobaki. Kisha akatazama kule ng'ambo ya boma, ambako mama alikuwa bado ameketi kwenye ngozi, uso kwetu, akingoja nirudishe kibuyu. Maziwa yalikuwa yamebaki nusu, na Akidor hakuyamaliza.